Kwa Baisikeli kutoka Ziwani hata Rusumo

Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya kutembea kwa baisikeli katika nchi ya Biharamulo na Ngara, Mkoa wa Kagera, tangu ufuoni mwa Ziwa Victoria hata maporomoko ya Rusumo na vilima vya mpakani. Hatutasema habari ya kupeleka ndizi sokoni, wala ya kumchukua mgonjwa zahanati, wala ya kuleta maji kutoka mtoni. Kazi hizo mwazijua kuliko sisi. Twataka kusema habari ya mtu kupanda baisikeli yake asubuhi, pasipo bidhaa ya kuuza wala kesi ya kusikiliza, akaenda polepole siku baada ya siku, ili aione nchi yake na kuwajua watu wake.

Twajua kwamba wengine wenu mmekwisha kucheka. Katika nchi hii baisikeli ni punda wa chuma. Vilimani Ngara mtu hufunga mikungu ya ndizi nyuma na ubavuni hata yeye mwenyewe hana mahali pa kukaa. Penye mwinuko huisukuma akienda kwa miguu, na penye mteremko huizuia kwa nguvu zake zote isimponyoke. Mtu wa namna hiyo akimwona mwenziwe apita na keria tupu, husema moyoni, "Huyu hana kazi." Neno lake si baya, maana chombo kilichonunuliwa kwa jasho hakifai kuchezewa. Lakini wazee walituachia methali ya kuitia katika mizani: "Mkaa bure si sawa na mtembea bure." Hawakusema kwamba mtembezi hurudi na mali. Walisema tu kwamba hao wawili hawako sawa. Na leo twataka kuitafuta tofauti hiyo.

Mtu apitaye nchi kwa basi huona miji miwili, ule aliotoka na ule aliofika. Katikati huona mgongo wa kiti kilicho mbele yake, na labda usingizi. Aendaye kwa miguu huona kila jani, lakini siku yake huisha kabla hajafika mbali. Baisikeli imewekwa katikati. Mpandaji asiye na haraka huenda kilometa kumi hata kumi na tano kwa saa. Hufika mbali mara mbili au tatu kuliko mwendaji kwa miguu, naye bado husikia ndege, hunusa moshi wa majiko, na huitikia salamu za watu walio mashambani.

Chombo hiki si cha zamani sana. Baisikeli yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitolewa na John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, mganga wa mifugo aliyekaa Belfast, akapata hati ya mpira wenye hewa ndani, na tangu hapo mifupa ya wapandaji ikapumzika. Tena haikukawia kuwa chombo cha watu wasio na fedha nyingi. Mpoland mmoja, Kazimierz Nowak, alianza safari yake Tripoli mwaka 1931, akaivuka Afrika mpaka ncha ya kusini, kisha akarudi kwa njia nyingine hata Algiers mwaka 1936. Sehemu kubwa alikwenda kwa baisikeli. Ilipomfia akaendelea kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi, akijipatia riziki kwa kuyaandikia magazeti ya kwao na kuyapelekea picha. Sisi hatuhitaji kuvuka bara zima. Wilaya mbili zatosha.

Safari tutakayoieleza yaanza Nyamirembe, bandari iliyo ufuoni mwa Ziwa Victoria. Zamani mahali hapa palihesabiwa katika Wilaya ya Biharamulo. Leo pamo katika Wilaya ya Chato, ambayo tangu mwaka 2012 ni sehemu ya Mkoa wa Geita. Lakini mipaka ya wilaya haibadili njia ya mtembezi, na atakaye kwenda Biharamulo kwa baisikeli hapana mahali pazuri pa kuanzia kama ufuoni. Afike jioni, alale, aamke alfajiri, kisha aende mwaloni kabla ya kupanda. Huko ataona mitumbwi ikirudi, dagaa wakianikwa, sangara na sato wakipimwa, na akina mama wakipatana bei kwa sauti ambayo yasikika mbali juu ya maji. Asiulize mambo mengi wakati huo, kwa kuwa kila mtu ana shughuli. Asimame pembeni atazame tu.

Upande wa maji kipo kisiwa cha Rubondo, ambacho kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Katika kisiwa hicho wamo sokwe ambao asili yao si ya hapo. Kuanzia mwaka 1966 waliletwa sokwe waliokuwa wakifugwa katika bustani za wanyama za Ulaya, wakafunguliwa msituni. Nao, baada ya maisha ya kulishwa kwa mkono wa mtu, wakajifunza tena kujitafutia chakula, wakazaa, na kizazi chao kipo hata leo. Mtembezi wa baisikeli hafiki huko, kwa kuwa pahitaji mashua na ruhusa. Lakini ni vema ajue kilichoko ng'ambo ya maji anayoyatazama.

Uso wa ziwa uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na vilima vya Ngara vyafika mita 1,800. Kwa hiyo mwenye kutoka ziwani aenda akipanda, ingawa si kwa mfululizo. Hupanda, hushuka kidogo, hupanda tena. Siku ya kwanza njia yaelekea magharibi, kati ya mashamba ya mihogo, mahindi na pamba. Humo mtakutana na makundi ya ng'ombe wa Wasukuma waliohamia sehemu hizi kutafuta malisho. Mkikutana na ng'ombe barabarani, shukeni, simameni kando, wala msipige kengele. Ng'ombe hajui maana ya kengele, bali mchungaji ajua maana ya adabu, na aghalabu ndiye atakayewaonyesha njia ya mkato yenye kivuli.

Mji wa Biharamulo uko juu, penye upepo mzuri. Hapo ipo Boma iliyojengwa na Wajerumani kabla ya vita vya mwaka 1914, yenye kuta nene kama za ngome, na mwezi wa Juni 1916 askari wa Wabelgiji waliuteka mji huu. Lakini habari za nchi hii ni za zamani kuliko kuta hizo. Wasafiri wa karne ya 19 waliiita Usuwi. Mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipita na msafara wake, akazuiwa siku nyingi na watu wa mtawala wa nchi, Suwarora, mpaka alipokwisha kutoa hongo ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Katika maandiko yake alinung'unika sana. Sisi twafikiri Suwarora alikuwa na haki ya kuuliza, "Wewe ni nani, na nchini kwangu wataka nini?" Kila mgeni lazima awe na jibu la swali hilo, hata leo, hata akiwa na baisikeli tu. Tutarudi katika jambo hili mbele kidogo.

Speke alikuwa akitafuta chanzo cha mto Nile. Kutoka Usuwi alikwenda Karagwe kwa Rumanika, kisha Buganda, na tarehe 28 Julai 1862 akayaona maji yakitoka ziwani karibu na mahali panapoitwa leo Jinja. Wekeni habari hiyo akilini, maana tutaihitaji tukifika mtoni.

Baada ya kupumzika Biharamulo siku nzima, njia yashuka kusini kwenda Lusahunga. Sasa mwaingia miombo. Miti yasimama mbalimbali, majani yake mapya huwa mekundu kama shaba kabla ya mvua, na mara kwa mara mtaona mzinga wa nyuki umetundikwa juu. Kaskazini na magharibi ya hapo ipo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 4,707, na ndani yake limo Ziwa Burigi lenye viboko na mamba. Njia ndogo ziingiazo upande huo huvutia macho, lakini msizifuate. Hifadhi ina utaratibu wake na askari wake, na tembo hampishi mtu kwa sababu ya kengele.

Katika miombo wapo pia mbung'o. Mdudu huyu huuma mchana, naye huvutwa na kitu kinachokwenda na rangi za giza, hasa buluu na nyeusi. Mpandaji aliyevaa shati la buluu akipita porini ni kama aliyewaita kwa majina. Vaeni nguo za rangi nyeupe au ya udongo, zenye mikono mirefu. Na mtu akipata homa baada ya safari ya namna hii, aende hospitali, amweleze mganga kwamba alipita penye mbung'o, ili achunguzwe malale pamoja na malaria.

Lusahunga ni njia panda. Kutoka hapo mpaka Rusumo ni kilometa zipatazo 92, nasi twashauri zigawanywe katika siku mbili, na kulala Nyakahura au kijiji kingine chenye nyumba ya wageni. Barabara hii ndiyo ipitayo malori makubwa yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda na Burundi. Mtu wa baisikeli na akae kushoto kabisa, akisikia lori nyuma yake na lingine mbele, ashuke upesi nje ya lami asubiri. Hapana aibu katika kushuka. Tena kwa miaka mingi misitu hii ilikuwa na majambazi, hata mabasi yakasindikizwa na askari wenye bunduki. Kwa sababu hiyo msianze mwendo kabla ya kupita kituo cha polisi na kuuliza hali ya njia. Endeni wawili au zaidi, mchana tu, na saa kumi jioni muwe mmekwisha kupata mahali pa kulala.

Mbele ya Nyakahura miti yapungua, nchi yafunguka, na mtafika Benaco. Jina hili si la Kihangaza wala la Kishubi. Lilikuwa jina la kampuni ya Waitaliano iliyojenga barabara. Mwaka 1994 lilitangazwa duniani kote. Katika mwezi wa Aprili mwaka huo, mauaji ya kimbari yalipokuwa yakiendelea Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja, wakaja na magodoro, na masufuria, na watoto migongoni, na baisikeli. Benaco ikawa kambi kubwa kama mji. Wenyeji wa Ngara walishiriki nao maji na kuni, na vilima vikabaki vitupu. Mwishoni mwa mwaka 1996 wakimbizi wengi wa Rwanda walirudishwa kwao.

Twataja habari hii kwa kuwa mpaka leo watu wengi wa mbali wakisikia jina la Ngara hukumbuka hayo tu. Nchi hufanywa maskini mara mbili, kwanza kwa msiba wenyewe, kisha kwa kujulikana kwa msiba peke yake. Mtembezi anayekaa siku mbili hapa, akanunua maharagwe kwa mama mmoja na kuuliza habari za mavuno, hupata neno la pili la kusimulia juu ya Ngara. Hilo si jambo dogo.

Kutoka Benaco njia yateremka kwenda Rusumo, na hapo breki zenu zitapimwa. Chini kabisa mto Kagera wapita katika mlango mwembamba wa mawe, na juu kidogo ya mlango huo umepokea mto Ruvubu, ambao wengine huuita Ruvuvu. Mwezi wa Mei 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka hapa kuingia Rwanda. Mwaka 1994, katika majuma yale tuliyoyataja, mto huu ulichukua maiti za watu waliouawa, ukazipeleka mpaka Ziwa Victoria, na watu wa Uganda waliokaa ufuoni wakazizika. Mwenye kusimama darajani na anyamaze kidogo. Leo pana kazi nyingine kando ya maporomoko, yaani mitambo ya umeme yenye nguvu ya megawati 80, ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi ziliijenga kwa shirika ili zigawane umeme wake.

Jambo moja la kuangalia. Kwetu magari hupita kushoto, bali Rwanda na Burundi hupita kulia. Mwenye hati za kuvuka mpaka, akivuka, abadili upande mara moja. Asiye na hati atazame tu kutoka upande wa kwetu, maana maji hayana upande.

Kutoka Rusumo mtembezi hurudi juu mpaka njia ya Ngara, kisha hushuka tena kuuvuka Ruvubu. Karibu na mto huo tulipumzika chini ya mti, akatujia mzee mmoja pamoja na mjukuu wake aliyevaa sare ya shule.

"Shikamoo, mzee," tukasema.

"Marahaba, wanangu. Mwatoka wapi?"

"Twatoka Nyamirembe, ziwani."

Akazitazama baisikeli zetu, mbele na nyuma. "Mwauza nini?"

"Hatuuzi kitu, mzee. Twatembea tu, kuiona nchi."

Akanyamaza kidogo. "Na huko kwenu hakuna kulima?"

Tukacheka, naye akacheka, akakaa. Kisha akatuuliza ziwa li namna gani, kwa kuwa tangu kuzaliwa hakupata kuliona. Tukamweleza. Mjukuu wake alikuwa kimya, kisha akauliza kwa sauti ndogo maji ya mto huu yaishia wapi. Tukamwuliza yeye kwanza shuleni wamefundishwa mto Nile waanza wapi. Akajibu, "Jinja, Uganda." Tukamwambia: jibu lako ndilo la Speke, wala si la kutupwa, kwa kuwa ndipo maji yatokapo ziwani. Lakini ziwa nalo hupokea maji, na mto mkubwa kuliko yote uliingiao ni Kagera. Kagera hupokea Ruvubu hapo chini, na Ruvubu watoka Burundi. Mwaka 1937 Mjerumani Burkhart Waldecker alifuata maji hayo mpaka kijito kidogo huko Rutovu, kusini mwa Burundi, akakitangaza kuwa chanzo cha Nile kilicho kusini kuliko vyote. Kwa hiyo maji unayoyachota jioni hushuka Rusumo, hufuata mpaka wa Rwanda kwenda kaskazini, hugeuka mashariki, huingia ziwani katika nchi ya Uganda, hutoka Jinja, hupita Sudani, hata kufika Misri na bahari.

Mtoto akautazama mto wake kana kwamba umebadilika. Mzee akasema, "Basi nami nimeliona ziwa, sikujua tu." Hatuna neno la kuongeza juu ya neno lake. Wasikilizaji, tofauti ya mkaa bure na mtembea bure ndiyo hiyo. Mtoto yule alikuwa na mto mlangoni, na kitabu mkononi, lakini hapakuwa na mtu wa kuviunganisha. Kuna watoto wangapi wa namna hiyo katika nchi yetu, wanaojua jina la mto wa mbali na hawajui wa kwao waelekea wapi?

Kutoka mtoni kupanda Ngara ni kazi ya kusukuma, wala msione haya. Kila mtu husukuma hapo. Katika mwinuko huo mtakutana na vijana wa ndizi wakishuka, na ninyi mtajua kwa viungo vyenu jinsi kazi yao ilivyo. Juu ni nchi ya migomba, kahawa na maharagwe, na nyumba zilizofichwa katika kivuli. Kihangaza kisemwacho huku chakaribiana sana na Kirundi, na jamaa wa ukoo mmoja waweza kukaa pande mbili za mpaka. Kwenye mgongo wa kilima, asubuhi yenye ukungu, mabonde hujaa mawingu meupe na vilele hutokea kama visiwa, hata mtu aliyetoka ziwani hudhani amerudi alikotoka.

Sasa machache juu ya matayarisho. Wakati mzuri ni Juni hata Agosti, kabla mvua za vuli hazijaanza. Januari na Februari pia huwa na nafasi. Baisikeli yoyote nzima yafaa, hata ile nzito ya fito. Kabla ya safari fundi aitazame: njiti za magurudumu zikazwe, mnyororo upakwe mafuta, raba za breki ziwe mpya. Chukueni pampu, viraka na gundi, spana, mpira wa ndani mmoja wa akiba, maji ya kutosha, na chandarua. Mzigo usizidi kilo kumi, ufungwe chini na sawasawa pande zote mbili. Penye mteremko mrefu msiibane breki ya mbele ghafula, maana humrusha mpandaji. Baneni breki zote mbili kidogo kidogo, mkiachia na kubana tena. Kilometa arobaini kwa siku zatosha. Mkienda zaidi mtakuwa mmeanza kukimbia, na mkimbizaji baisikeli huona barabara tu.

Liliobaki ni lile swali la Suwarora: "Wewe ni nani, na nchini kwangu wataka nini?" Wilaya hizi ni za mpakani, na watu wake wameona mengi. Mtu apitaye bila mzigo na bila ndugu hutiliwa shaka kwamba ni mwizi au mpelelezi, na shaka hiyo si ubaya wa moyo. Kwa hiyo mtembezi akifika kijijini na aende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, ajitambulishe, aonyeshe kitambulisho chake, aseme atalala wapi na ataondoka lini. Asipige picha ya mtu bila kumwomba, wala asipige kabisa picha ya daraja la mpakani au ya askari. Alipie chakula chake. Akipewa bure ashukuru, asaidie kazi iliyopo, maana wazee walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Nasi twawaomba ninyi wenyeji, mkimwona mtu wa namna hiyo, mwulizeni kwa ukali mpendavyo, lakini akijibu vema mpeni kiti. Huenda anachukua habari za kwenu kwenda mahali zisikofika.

Nanyi wanafunzi, msingoje safari ya siku nyingi. Jumamosi moja ombeni ruhusa kwa wazazi, wavulana kwa wasichana, mwende pamoja na mwalimu mpaka kijito kilicho karibu na shule yenu. Kifuateni mpaka kinapoingia katika kijito kingine, mwulize jina lake, mwandike. Juma la pili fuateni hicho cha pili. Wasio na baisikeli wapakizwe kwenye keria, zamu kwa zamu. Baada ya miezi michache mtakuwa na ramani iliyotengenezwa kwa miguu yenu wenyewe, na katika ramani hiyo kijiji chenu hakitakuwa pembeni mwa dunia, bali kitakuwa mahali maji yanapopita kwenda kwa wengine.

Kwa leo twakomea hapa. Tengenezeni breki zenu, salimieni watu njiani, na mwende polepole. Kwaherini.